Allidina Visram

Allidina Visram (takriban 1851 – 1916) alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Kutch, Uhindi, aliyejenga kampuni ya familia iliyoenea kutoka pwani ya Tanzania ya leo hadi Kenya, Uganda na mpakani mwa Kongo. Alianza kama kijana wa dukani mjini Bagamoyo akihudumia misafara ya wapagazi. Alipofariki alikuwa na maduka, viwanda, mashamba, na karakana za samani katika miji ya Kampala na Entebbe. Kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza kuuza katika bara vitu vya nyumbani ambavyo kabla ya reli vilionekana kwenye nyumba za pwani tu. Ilianguka katika miaka ya 1920, muda mfupi baada ya kumpoteza mwanzilishi na kisha mwanawe.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, kaskazini-magharibi mwa Uhindi. Familia yake ilikuwa ya Makhoja wa madhehebu ya Ismailia. Kutch ni nchi kavu yenye mvua haba, na vijana wake wengi walizoea kupanda majahazi ya msimu wa kaskazi kwenda Maskati, Zanzibar na bandari za mrima. Allidina aliondoka akiwa na umri wa miaka 12 hivi, mnamo mwaka 1863, bila mali yoyote.

Alifikia Bagamoyo, mji uliokuwa wakati huo chini ya Sultani wa Zanzibar, na kupata kazi katika biashara ya ukoo wa Paroo, ambao nao walikuwa Makhoja. Mkuu wa biashara hiyo baadaye alikuwa Sewa Haji Paroo (1851–1897), mtu wa rika lake. Jina la Sewa Haji linajulikana hadi leo kwa sababu ya hospitali aliyoifadhili Dar es Salaam, ambayo kumbukumbu yake imehifadhiwa katika jengo la Sewa Haji kwenye Hospitali ya Taifa Muhimbili.

Bagamoyo na biashara ya misafara

Ili kuelewa jinsi biashara ya Allidina ilivyokua, inafaa kwanza kuangalia kilichouzwa Bagamoyo. Misafara ya kwenda Tabora, Ujiji na Maziwa Makuu ilipanga mizigo yake hapo. Kila mpagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi, alichukua takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu. Kwa hiyo bidhaa iliyofaa kwa safari ya bara ilikuwa ile inayofungika, isiyovunjika na yenye thamani kubwa kwa uzito mdogo: marekani, kaniki, shanga, na waya wa shaba. Njia ya kurudi ilikuwa ya pembe za ndovu.

Meza haifungiki namna hiyo, wala kabati. Matokeo yake yalikuwa tofauti kubwa kati ya nyumba za pwani na nyumba za bara. Katika nyumba za mawe za Bagamoyo, Pangani na Tanga, wenye uwezo walikuwa na milango iliyochongwa maua, zidaka ukutani zenye sahani na bakuli za kutoka ng'ambo, masanduku ya njumu yaliyoletwa na majahazi kutoka Uhindi, na vitanda vya samadari. Bahari ndiyo iliyovibeba vitu hivyo. Huko bara watu walikuwa na viti vya kigoda, mikeka, vitanda vya kamba na vyungu vilivyotengenezwa palepale, na kitu cha kigeni kilichowafikia kilikuwa kitambaa au shanga. Aliyetaka kuuza zaidi ya hapo alipaswa kwanza kupata njia ya kusafirisha.

Biashara yenyewe iliendeshwa kwa mkopo. Mabepari wakubwa wa Zanzibar, kama Tharia Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa vitambaa kwa mali kauli na kungoja malipo ya pembe kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. (Neno bepari lenyewe limetoka katika lugha za Uhindi, na wakati huo lilimaanisha mfanyabiashara tu, bila lawama ambayo siasa ziliiongeza baadaye.) Kijana aliyefanya kazi katika duka kama la Paroo alijifunza kupima kitambaa kwa dhiraa, lakini pia alijifunza jambo gumu zaidi: nani akopeshwe, kiasi gani, na amngojee mpaka lini. Ujuzi huo haukuandikwa wote katika daftari.

Mwaka 1888 watu wa pwani walipambana na kampuni ya Kijerumani iliyokuja kukusanya ushuru. Vita vilivyoongozwa na Abushiri bin Salim kuanzia Pangani, na Bwana Heri katika Saadani, vilisimamisha biashara kwa muda. Bagamoyo yenyewe iliharibiwa vibaya. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya serikali ya Kijerumani yalihamia Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kushuka polepole, ingawa misafara iliendelea kuitumia kwa miaka kadhaa.

Katika mazingira hayo Allidina alijitegemea na kufungua matawi yake mwenyewe. Yalifuata njia ya misafara: Saadani na Dar es Salaam pwani, kisha Tabora na Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, sehemu kubwa ya biashara ya misafara iliangukia mikononi mwa mfanyakazi wake wa zamani.

Kuhamia njia ya reli

Wafanyabiashara wengi wa Bagamoyo walibaki wakingoja misafara irudi kama zamani. Allidina hakungoja. Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu, kwenye Ziwa Viktoria, mwezi Desemba 1901. Wajerumani walikuwa wameanza kabla yao, mwaka 1893 huko Tanga, lakini reli ya Usambara ilikwenda taratibu sana na ililenga mashamba ya milimani. Haikufika ziwani. Mtu aliyekuwa na maduka mpaka Ujiji aliona wazi ni njia ipi itakayovuta mizigo ya bara.

Alifungua ofisi Mombasa, mji ambao ukawa makao yake makuu, na maduka yake yakafuata mataruma kadiri yalivyowekwa. Wateja wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa reli, kwani zaidi ya watu 30,000 waliletwa kutoka Uhindi kwa ajili ya ujenzi huo. Walihitaji mchele, dengu, samli, nguo na sufuria. Reli ilipofika ziwani, duka lilikuwa limeshawahi kufika Kampala. Kutoka hapo alisogea Jinja, Entebbe, na kaskazini kuelekea Naili ya juu alikofuata pembe. Kufikia mwaka 1904 matawi yake yalizidi 30.

Kwa mwanafunzi wa historia ya uchumi, sehemu hii ya maisha yake ina mafunzo mengi kuliko nyingine. Duka la bara halikuuza tu, lilinunua pia. Chini ya Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, kila nyumba ilitozwa kodi ya rupia 3. Mkulima hakuwa na rupia. Alikuwa na ngozi, nta, karanga, ufuta, pilipili, na baada ya mwaka 1904 alikuwa na pamba. Duka lilichukua mazao hayo, likampa rupia za kulipia kodi, na kilichobaki kikarudi dukani kwa chumvi, kitambaa au taa. Kabla benki hazijaenea Uganda, maofisa wa serikali na wamisionari walitumia pia matawi ya Allidina kutuma na kupokea fedha kwa hundi.

Si kila mtu aliuona mfumo huu kuwa wa haki. Bei ya mazao iliamuliwa na mnunuzi, na pale ambapo duka lilikuwa moja tu mkulima hakuwa na pa kwenda kulinganisha. Biashara ya pembe nayo iliua ndovu kwa wingi. Mambo hayo ni sehemu ya historia ya kampuni kama zilivyo shule na hospitali zilizofadhiliwa kwa faida yake.

Karakana za samani

Serikali ya Kiingereza Uganda iliweka makao yake Entebbe, na wamisionari na wafanyabiashara wakajenga Kampala. Nyumba mpya, ofisi, makanisa na shule zilihitaji madawati, meza, viti, kabati, vitanda, fremu za madirisha na milango. Kuagiza vitu hivyo vikiwa tayari kutoka Uingereza au Bombay kulikuwa na gharama kubwa hata baada ya reli kukamilika. Mzigo ulipakuliwa Mombasa, ukapanda treni, ukashushwa Kisumu, ukavushwa ziwa, kisha ukapandishwa gari la kukokotwa. Samani ni mzigo unaojaza nafasi kubwa, na kiti kilichounganishwa husafirisha hewa zaidi kuliko mbao.

Allidina alifungua karakana za samani Kampala na Entebbe. Hesabu yake inaeleweka kwa urahisi: miti mizuri ilikuwako Uganda, hasa mvule, mti ambao mafundi wa pwani walikwisha kuufahamu kwa milango na majahazi. Kilichohitajika kutoka nje kilikuwa chepesi au kidogo, kama misumari, skrubu, bawaba, kufuli, vioo na vanishi, na vyote hivyo tayari viliuzwa katika maduka yake. Kampuni ilikuwa pia na viwanda vya kupasulia mbao. Kwa njia hiyo gogo liliingia upande mmoja wa biashara na kabati likatoka upande mwingine, na faida ya kila hatua ikabaki katika daftari moja.

Kazi ya karakana ilitegemea mafundi. Maseremala wa Kihindi walioletwa kwa ajili ya reli, na wengine waliofuata baadaye, walipata ajira humo. Walifanya kazi pamoja na wasaidizi Waafrika waliojifunza kutumia randa, msumeno na patasi. Shule za ufundi za misheni zilifundisha useremala katika kipindi hichohicho. Hivyo karakana za wafanyabiashara hazikuwa chanzo pekee cha ufundi huo Uganda, lakini zilikuwa mahali ambapo fundi alilipwa mshahara na kazi yake ikapata soko la kudumu.

Wateja wa samani walikuwa hasa maofisa, misheni na wafanyabiashara wenzake. Polepole walijiunga machifu wa Buganda, ambao baada ya mkataba wa 1900 walipata ardhi na mapato na kuanza kujenga nyumba za matofali zenye paa la bati. Nyumba ya mraba yenye vyumba hudai vitu ambavyo nyumba ya msonge haikuvihitaji: kabati la kuegemea ukuta, pazia la dirisha, meza ya kulia, taa ya kuning'inia. Mtu wa kawaida alianzia mbali zaidi. Kwake badiliko lilikuwa kandili, sahani ya bati, sufuria, sanduku lenye kufuli, na blanketi. Vitu hivyo vidogo vilikuwa nguzo ya mauzo ya duka kwa miaka mingi.

Viwanda na shughuli nyingine

Karakana zilikuwa sehemu moja tu. Kampuni ilikuwa na viwanda vya soda, viwanda vya kukamua mafuta Kisumu na pwani, kiwanda cha sabuni Mombasa, kiwanda cha ngozi Uganda, na vinu vya kuchambua pamba. Ilimiliki mashamba ya mpira, miwa na pamba, ambayo mengine yalikuwa ya majaribio na hayakuleta faida iliyotarajiwa. Ilikuwa pia na magari ya kukokotwa na vyombo vya majini katika Ziwa Viktoria. Kwa ukubwa wa shughuli hizo, watu wa zama zake walimwita mfalme wa Uganda asiyevaa taji.

Mwaka 1900 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chama cha Wahindi cha Mombasa, pamoja na Alibhai Mulla Jeevanjee. Chama hicho kilipinga ubaguzi wa serikali ya kikoloni dhidi ya Wahindi katika mambo ya ardhi na uwakilishi. Tofauti na Jeevanjee, aliyeingia katika siasa kwa nguvu na kugombana na walowezi hadharani, Allidina alibaki mtu wa biashara aliyesikilizana na magavana. Alichangia hospitali, shule na majengo ya ibada ya jumuiya mbalimbali, na Aga Khan alimpa cheo cha Varas kwa utumishi wake katika jumuiya ya Ismailia.

Namna ya kuendesha kampuni

Kampuni iliajiri mamia ya makarani na wauzaji, wengi wao vijana wa Kutch na Kathiawar waliofika kama alivyofika yeye mwenyewe, mikono mitupu. Kijana alikaa miaka michache katika tawi, akajifunza lugha na hesabu, kisha aliyeaminika alipewa bidhaa kwa mali kauli ili afungue duka lake mahali ambapo hapajawa na duka. Alilipa kwa mazao aliyoyanunua. Maduka mengi ya vijijini Uganda na magharibi mwa Kenya yalianza kwa namna hiyo, na baadhi ya wenyewe walikuja kuwa matajiri.

Mfumo huu ulimwezesha kuenea haraka bila kuwa na fedha taslimu nyingi. Ulikuwa pia na hatari iliyojificha ndani yake. Mali ya kampuni, kwa sehemu kubwa, ilikuwa madeni ya watu waliotawanyika katika nchi tatu au nne, na thamani ya deni hutegemea anayelidai. Allidina aliwajua wadaiwa wake kwa majina, akawatembelea hadi uzeeni, na alijua yupi ameshindwa kwa sababu ya ukame na yupi anajificha. Hakuwa ameacha sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa mameneja. Inawezekana hili ndilo lililoifanya kampuni ikue, na ndilo lililoifanya isiweze kurithiwa kwa urahisi.

Vita na kifo

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Afrika ya Mashariki ya Kijerumani na ile ya Kiingereza ziligeuka kuwa nchi za maadui. Mwezi Novemba mwaka huo jeshi lililotoka Uhindi chini ya Waingereza lilishindwa vibaya katika mapigano ya Tanga. Njia za biashara kati ya Mombasa na bandari za kusini zilifungwa, na jamaa na wafanyabiashara Wahindi waliokuwa pande mbili za mpaka walitenganishwa. Allidina, aliyeanza maisha yake upande mmoja na kutajirika upande wa pili, aliendelea na biashara ya Uganda na Kongo.

Alifariki mwaka 1916 baada ya kupata homa katika safari ya kibiashara ya Kongo. Alikuwa na umri wa takriban miaka 65. Mwaka huohuo Waingereza waliingia Tanga mwezi Julai na Bagamoyo mwezi Agosti.

Kuanguka kwa kampuni

Mwanawe Abdulrasul alichukua uongozi. Alirithi jina kubwa, na pamoja nalo matawi mengi, viwanda vya aina mbalimbali na madaftari ya madeni. Miaka iliyofuata ilikuwa migumu hata kwa kampuni zilizopangwa vizuri. Bei za mazao zilipanda baada ya vita, kisha zikaporomoka mwaka 1920 na 1921. Wakati huohuo serikali ilibadilisha fedha: rupia iliondolewa, ikaja florini, kisha shilingi ya Afrika ya Mashariki. Mwenye deni la rupia alibishana na mwenye kumdai juu ya thamani yake. Kampuni mpya za pamba zenye mtaji mkubwa ziliingia Uganda, na benki zilichukua kazi ya kutuma fedha iliyokuwa ikifanywa na maduka.

Abdulrasul aligharimia shule mjini Mombasa kwa kumbukumbu ya baba yake. Ilifunguliwa mwaka 1923 na Gavana Robert Coryndon. Abdulrasul naye hakuishi muda mrefu, na baada yake kampuni ilifilisika. Wale waliowahi kuchukua bidhaa kwa mali kauli kutoka kwa Allidina waliendelea na maduka yao wakiwa wenyewe, na useremala wa samani Kampala uliendelea katika karakana ndogondogo za Wahindi na Waafrika.

Kumbukumbu

Shule hiyo, Allidina Visram High School, ingali inafundisha wanafunzi wa sekondari Mombasa. Ilijengwa kwa ajili ya watoto wa Kihindi katika mfumo wa kikoloni uliowatenga wanafunzi kwa rangi, na sasa ni shule ya wote. Sanamu yake iliwekwa Mombasa katika miaka ya 1930 na inasimama katika uwanja wa Treasury Square, karibu na majengo ya zamani ya serikali.

Upande wa Tanzania jina lake halikutajwa sana kama la Sewa Haji, aliyeacha hospitali na jengo la shule Bagamoyo. Katika Mji Mkongwe wa Bagamoyo bado zimebaki nyumba za mawe za wafanyabiashara wa zama hizo, baadhi zikiwa magofu, nyingine zikiwa na milango yake ya kuchongwa inayofunguliwa kila asubuhi.